Taa na Ushahidi: Sinema za Taharuki ya Nyumbani, 1938 hadi 1991

Nyumba njema si mlango, wasema wahenga. Na maana yake ni kwamba asiyeingia ndani hawezi kuijua hali ya waliomo. Ukuta wa nyumba una kazi mbili. Humkinga mwenyeji na jua, mvua na mwivi. Na humficha mbele ya macho ya majirani. Kazi ya kwanza husifiwa na kila mtu. Ya pili huleta stara au maangamizi, kwa kadiri ya tabia ya yule ashikaye ufunguo. Sinema ilipoanza kusema kwa sauti, katika mwaka wa 1927 na miaka iliyofuata, watunzi na waongozaji wa picha katika Uingereza na Marekani waligundua kuwa hofu kubwa kuliko ya msituni au ya vitani yaweza kupatikana katika chumba chenye zulia, birika la chai na taa ya ukutani. Hapo ilikua aina ya picha ambazo zaweza kuitwa sinema za taharuki ya nyumbani.

Katika picha hizo adui si mgeni avunjaye mlango usiku. Adui ni mume, au mke, au mjomba mpendwa, au mtumishi aliyeaminiwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Watazamaji wengi wa zamani walizichukua kuwa burudani ya kupitishia jioni, na wahakiki wengi waliziweka chini ya picha za vita na za historia, kwa sababu eti mambo ya nyumbani ni mambo madogo. Walakini zikitazamwa tena sasa, kila moja mahali pake katika mfululizo wa miaka, huonekana kuwa zilibeba mzigo mzito. Swali lake la kweli si nani mwuaji, kwa maana mwuaji aghalabu hujulikana kabla ya nusu ya picha. Swali lake ni nani atakayesadikiwa. Mtu aliyedhulumiwa sokoni ana mashahidi mia. Aliyedhulumiwa nyumbani ana neno lake tu, na neno hilo hupimwa kwanza na yule yule aliyemdhulumu. Historia ya sinema hizi, tangu tamthilia ya mwaka 1938 mpaka picha ya mwaka 1991, ni historia ya kutafuta shahidi.

Tamthilia hiyo iliitwa Gas Light. Iliandikwa na Mwingereza Patrick Hamilton, ikaonyeshwa kwanza Richmond, karibu na London, katika Desemba 1938, kisha ikahamia jumba la Apollo, London, mwanzo wa mwaka 1939. Ilipofika New York ilipewa jina la Angel Street, ikaanza kuchezwa tarehe 5 Desemba 1941, siku mbili kabla ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor. Na ingawa Marekani iliingia vitani mara moja, watu hawakuacha kuiendea, hata ikachezwa mara 1,295. Picha mbili zilitokana nayo. Ya kwanza ilifanywa Uingereza mwaka 1940 na mwongozaji Thorold Dickinson, na Diana Wynyard akaigiza mke na Anton Walbrook mume. Ya pili ilifanywa Marekani mwaka 1944 na George Cukor kwa ajili ya kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, na Ingrid Bergman akaigiza mke na Charles Boyer mume. Hii ya pili, iitwayo Gaslight, ndiyo iliyoenea duniani; Bergman alipata kwayo tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Hadithi ya picha ya 1944 ni hii. Mwimbaji mashuhuri, Alice Alquist, aliuawa nyumbani kwake London, na mwuaji hakupatikana. Mpwa wake, Paula, aliyelelewa naye, alipelekwa Italia kujifunza kuimba, na huko akapendana na mpiga piano aitwaye Gregory Anton. Waliooana upesi walirudi upesi. Mume alitaka wakae katika nyumba ile ile ya London, ambayo Paula aliirithi. Muda si muda mambo ya ajabu yakaanza. Pambo la kifuani alilopewa na mumewe likapotea ndani ya mkoba wake. Picha ikaondoka ukutani, ikakutwa imefichwa nyuma ya ngazi. Saa ya mume ikapotea, ikakutwa katika mkoba wa mke mbele ya wageni, naye akabubujikwa na machozi mbele ya watu. Kila mara mume alimwambia kwa sauti ya upole kwamba amesahau, kwamba amechoka, kwamba si mzima. Na kila usiku mume alipotoka, kama asemavyo, kwenda kazini, taa za gesi zilififia, na nyayo zikasikika juu ya dari.

Paula hakuwa mgonjwa. Mumewe alikuwa ndiye mwuaji wa shangazi yake, aliyerudi kuvitafuta vito ambavyo hakuviona usiku wa mauaji. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia darini kwa siri, akawasha taa huko ili aone. Hapa kuna jambo la ufundi ambalo hadithi yote huning'inia juu yake. Gesi ya taa katika karne ya 19 ilitengenezwa kwa kupasha makaa ya mawe moto mkali bila kuyaunguza, ikasambazwa mijini kwa mabomba. Katika nyumba moja taa zote zilinyonya kutoka bomba moja. Ikiwashwa taa nyingine, nguvu ya gesi hugawanyika, na zile zilizokuwa zikiwaka hupungua mwanga. Basi taa ya chumbani kwa Paula ilipofifia bila mtu kuigusa, ilikuwa ikitoa ushahidi kwamba taa nyingine imewashwa mahali fulani ndani ya nyumba. Ulikuwa ushahidi usioweza kuhongwa wala kutishwa. Lakini shahidi asiye na ulimi huhitaji mtu wa kumfasiri, na mtu pekee aliyekuwa na mamlaka ya kufasiri katika nyumba ile alikuwa mume.

Mamlaka hayo hayakuwa ubunifu wa mtunzi. Hamilton aliiweka hadithi yake nyuma, mwisho wa karne ya 19, na sheria ya Uingereza ya nyakati hizo yaeleza kwa nini hofu ya mke ilikuwa na msingi. Kwa desturi ya kale ya sheria hiyo, mwanamke akiolewa nafsi yake ya kisheria humezwa na ya mumewe, na mali yake nyingi huangukia mikononi mwa mume. Sheria ya mwaka 1870 ilimruhusu mke kushika mshahara wake mwenyewe. Ikabidi kungoja mpaka sheria ya mwaka 1882 ndipo akaweza kumiliki mali kama mtu aliye huru. Hali kadhalika, kabla ya sheria ya mwaka 1890, mtu aliyelipiwa gharama na jamaa zake aliweza kufungiwa katika nyumba ya wenda wazimu kwa ombi la jamaa pamoja na vyeti vya madaktari wawili, pasipo amri ya hakimu. Mume aliyetishia kumwita daktari hakuwa akisema maneno ya hasira tu. Alikuwa akionyesha mlango uliokuwa wazi kweli.

Ustadi wa Cukor ni kwamba alimfanya mtazamaji kuwa shahidi wa kwanza. Katika giza la jumba la sinema mtazamaji huiona taa ikififia, sawasawa na Paula anavyoiona, na husikia nyayo anazozisikia. Kwa hiyo ajua kuwa mwanamke huyu ni mzima. Naye hawezi kumsaidia. Taharuki ya picha hutoka hapo. Kuna mtu ajuaye ukweli, lakini amekaa nje ya picha na hana kauli ndani yake. Waliomo ndani nao wana upungufu. Nancy, mtumishi kijana aliyeigizwa na Angela Lansbury katika picha yake ya kwanza, humdharau bibi wa nyumba na hutaka kupendwa na bwana. Elizabeth, mpishi mzee, ana moyo mwema lakini masikio yake ni mazito. Nyayo za darini hazimfikii. Jirani wa mtaani ana udadisi mwingi, lakini hakaribishwi ndani.

Kisha aja Brian Cameron, ofisa wa Scotland Yard, aliyeigizwa na Joseph Cotten. Anapozungumza na Paula sebuleni, taa hufifia, naye huiona. Tukio hilo ni dogo kwa macho. Hapana bastola, hapana ukelele. Hata hivyo ndilo kilele halisi cha hadithi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mtu wa pili ameona alichokiona Paula, na uso wa Bergman wabadilika kama wa mtu aliyetolewa kifungoni. Na ili mtazamaji asidhani kwamba mema yamekwisha kushinda, watunzi waliongeza jambo moja la busara. Mume arudipo na kukuta meza yake imevunjwa, Paula husema kuwa kulikuwa na mtu. Elizabeth aitwa kuthibitisha; naye, akitaka kumlinda bibi yake, akana kuwa hakuona mtu yeyote. Uongo huo wa huruma nusura ummalize Paula kuliko uongo wote wa chuki, maana sasa aamini kuwa ameota. Mwenye kudhulumiwa hupotezwa na adui zake, na hupotezwa pia na rafiki wanaodhani kuwa kimya au hila itamwokoa, hali anachohitaji ni mtu wa kusema kweli iliyo kweli.

Mkasa wa picha zenyewe ulifanana kidogo na hadithi yake. Kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer iliponunua haki za kuitengeneza upya hadithi hii, iliiondoa picha ya Dickinson katika maonyesho ikataka nakala zake ziharibiwe, ili ile mpya isiwe na mshindani. Watazamaji wa miaka mingi hawakujua kuwa kumekuwako na picha ya kwanza. Bahati nakala zilisalimika, na leo zote mbili zaweza kutazamwa na kulinganishwa. Ile ya 1940 ni fupi na kali. Humwonyesha mtazamaji mauaji tangu mwanzo, na Walbrook ana ukatili usiojificha sana. Ile ya 1944 ni ya taratibu zaidi, na Boyer ni mpole hata katika ubaya. Ndiyo maana yaumiza zaidi, kwa sababu upole ni vazi ambalo majirani hulisifu.

Uzito wa Gaslight waonekana vizuri ikiwekwa kando ya picha nyingine mbili za miaka hiyo hiyo, zote za Alfred Hitchcock na zote zikiwa na mwigizaji Joan Fontaine. Rebecca ya mwaka 1940 ilitokana na riwaya ya Daphne du Maurier ya mwaka 1938. Katika riwaya, bwana wa jumba la Manderley alimpiga risasi mkewe wa kwanza akamwua. Katika picha, mke huyo ajikwaa, aanguka na kufa kwa kugonga kichwa. Mume alificha maiti tu. Sababu ya badiliko hilo yajulikana. Wenye studio za Marekani walijiwekea kanuni za maadili mwaka 1930, na tangu mwaka 1934 zilisimamiwa kwa nguvu na ofisi iliyoongozwa na Joseph Breen. Kanuni zilikataza mwuaji kuachwa bila adhabu. Kwa kuwa hadithi ilitaka mume aishi na mke wa pili kwa furaha, ilibidi awe hakuua. Kanuni iliyowekwa ili kulaani dhambi ikaishia kuisafisha.

Suspicion ya mwaka 1941 ilikwenda mbali zaidi. Ilitungwa kutoka riwaya ya Francis Iles ya mwaka 1932, ambamo mke atambua kuwa mumewe ni mwuaji na kwamba sasa zamu yake imefika. Naye, kwa mapenzi yaliyokwisha mvunja, akubali kunywa sumu. Katika picha, Cary Grant aigiza mume mcheshi, mwongo na mpenda fedha, na mke aongeza dalili juu ya dalili. Usiku mmoja mume apanda ngazi na gilasi ya maziwa juu ya sinia. Hitchcock aliweka balbu ndogo ndani ya gilasi ili maziwa yang'ae gizani, na jicho la mtazamaji lisiweze kuhama. Kila ishara yasema kuwa mna sumu. Lakini mwisho wake waja kwa ghafula: katika gari, kando ya jabali, yaelezwa kuwa mume hakukusudia kumwua mtu ila nafsi yake, na mke aomba msamaha kwa kumdhania vibaya. Hitchcock alisema baadaye kuwa studio ilikataa Cary Grant, kipenzi cha watazamaji, kuwa mwuaji. Wataalamu wamebishana juu ya kauli hiyo. Hata hivyo picha iliyobaki ni picha iliyobaki. Kwa muda wa saa moja na nusu ilimwonyesha mtazamaji taa ikififia, kisha ikamwambia kuwa taa haikufifia.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Gaslight humfichua mume amtiaye mkewe shaka juu ya macho yake mwenyewe. Suspicion humtia mtazamaji shaka hiyo hiyo na kuita jambo hilo mwisho mwema. Fontaine alipata tuzo ya Oscar kwa kuigiza mke aliyekosea kuogopa. Miaka mitatu baadaye Bergman aliipata kwa kuigiza mke aliyekuwa na haki ya kuogopa. Tuzo ni moja, lakini mafundisho ni mawili yanayopingana, na mtazamaji wa miaka ya 1940 alipewa yote mawili katika majumba yale yale.

Kwa nini picha za namna hii zilifuatana kwa wingi katika miaka hiyo? Mbali na hizo tatu kulikuwa na Shadow of a Doubt ya 1943, ambamo mjomba apendwaye na jamaa zake wote ni mwuaji wa wajane. The Spiral Staircase na Undercurrent, zote za 1946. Na nyingine kadhaa. Wanahistoria wa sinema wametoa sababu ambayo yaelekea kuwa nzito kuliko nyingine. Vita vya pili vya dunia viliwafanya vijana wengi waoane kwa haraka kabla ya mume kusafiri, na viliwarudisha waume ambao wake zao hawakuwajua tena. Katika Marekani idadi ya talaka ilipanda mpaka kilele chake cha nyakati hizo mwaka 1946. Wanawake walikuwa wameshika kazi viwandani na fedha zao mikononi, kisha wakatakiwa kurudi jikoni. Mwanamke aliyekaa katika jumba la sinema na kumwona Paula akiuliza yule niliyeolewa naye ni nani, hakuwa akiulizwa swali la karne iliyopita. Mavazi yalikuwa ya zamani ili swali liweze kuwa la siku ile.

Lakini yapasa kusema pia kasoro ya Gaslight. Paula aliokolewa na mgeni, mwanamume, mwenye cheo cha polisi, aliyetokea kwa bahati kwa kuwa alipokuwa mtoto alimpenda mwimbaji aliyeuawa. Pasipo bahati hiyo angekwenda kufungiwa. Picha zilizofuata zaweza kusomwa kama majibu kwa udhaifu huo, kila moja ikiuliza itakuwaje shahidi asipopatikana.

Sorry, Wrong Number ya mwaka 1948, iliyoongozwa na Anatole Litvak, ilitoka katika mchezo wa redio wa Lucille Fletcher wa mwaka 1943. Mwanamke tajiri, mgonjwa kitandani, aigizwa na Barbara Stanwyck. Kwa kosa la mitambo ya simu asikia watu wawili wakipanga mauaji ya mwanamke usiku ule, na taratibu aelewa kuwa mwanamke huyo ni yeye, na kuwa nyuma ya mpango yuko mumewe. Ana chombo ambacho Paula hakuwa nacho, chombo kiwezacho kumfikisha polisi, hospitali na mji mzima. Naye hukitumia usiku kucha. Kila mtu apokea simu yake, hakuna apokeaye neno lake. Mji mzima wamsikia, na auawa. Tatizo halikuwa umbali wa shahidi. Lilikuwa tabia ya kumhesabu mwanamke mwenye hofu kuwa ni mwanamke mwenye maradhi.

Miaka 20 baadaye, Rosemary's Baby ya Roman Polanski ilikaza fundo hilo. Ilitoka mwaka 1968, mwaka ule ule ambao kanuni za zamani za studio zilikomeshwa na kupisha mfumo wa madaraja ya umri. Mke kijana katika New York atambua kuwa mumewe amefanya mapatano na majirani juu ya mimba yake. Amkimbilia daktari mwingine, amweleza kila jambo kwa utaratibu. Daktari amsikiliza kwa upole, amlaza apumzike, kisha ampigia simu mumewe aje kumchukua. Mambo ya mashetani yaliyomo katika hadithi yaweza kuondolewa, na tukio hilo likabaki kuwa la kutisha vile vile, kwa kuwa halihitaji shetani yeyote. Cameron aliona taa ikififia, akakaa upande wa Paula. Daktari huyu alisikia, akamrudisha mgonjwa kwa yule aliyemkimbia.

Kati ya hizo mbili, Wait Until Dark ya mwaka 1967 ilitoa jibu la namna nyingine. Audrey Hepburn aigiza mwanamke kipofu ambaye nyumba yake yavamiwa na wahalifu watafutao mwanasesere aliyefichwa dawa za kulevya. Hapa adui ni wa nje, na kwa hiyo picha si ya aina hii kwa ukamilifu. Lakini taa yarudi. Mwanamke avunja balbu zote ili giza lake liwe giza la wote. Asahau moja tu, ile ya ndani ya friji, na mwuaji aifungua. Katika Gaslight mwanamke alitazama mwanga ukipunguzwa na mtu mwingine. Katika picha hii aupunguza kwa mkono wake, na upungufu wake wawa silaha.

Isidhaniwe kuwa njia ilikuwa moja, na kwamba kila picha ilisogea mbele kuliko iliyotangulia. Fatal Attraction ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Adrian Lyne, iliugeuza mti juu chini: mume mzinzi ndiye mwenye kuhurumiwa, na hatari ni mwanamke wa nje. Mwisho wake wa kwanza, ambamo mwanamke huyo alijiua, haukuwapendeza watazamaji wa majaribio. Ukatengenezwa mwingine ambamo avamia nyumba na kupigwa risasi na mke halali. Kama ilivyokuwa kwa Suspicion, mwisho ulibadilishwa ili mume arudi salama mahali pake. Kanuni za Breen zilikuwa zimekufa, lakini haja ya kumsafisha mwenye nyumba haikufa nazo.

Miaka minne baadaye, Sleeping with the Enemy ya Joseph Ruben ilimfikisha mwanamke mahali ambapo hakuna katika hao wa kwanza aliyefika. Laura, aliyeigizwa na Julia Roberts, apigwa na mume tajiri ambaye hupima hata jinsi taulo zilivyotundikwa. Ajifunza kuogelea kwa siri, ajifanya amezama baharini, akimbia na kuanza maisha mapya. Mume amfuata. Mwisho, bunduki i mkononi mwake, Laura apiga simu polisi na kuwaarifu kuwa amemwua mtu aliyevamia nyumba yake. Kisha ndipo apiga risasi. Kwa macho ya sheria tukio hilo lina maswali mengi, wala si mfano wa kuigwa. Lakini katika historia ya ushahidi ni jambo jipya. Paula alingoja shahidi. Mgonjwa wa mwaka 1948 aliomba shahidi asimpate. Rosemary alisalitiwa na shahidi. Laura atoa ushahidi wake mwenyewe, kwa maneno yake, na katika maneno hayo mume haitwi mume, aitwa mvamizi.

Sheria ilikuwa ikienda nyuma ya sinema kwa mwendo wa kobe. Katika Uingereza nyumba ya kwanza ya kuwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo ilifunguliwa Chiswick, London, mwaka 1971. Sheria ya mwaka 1976 iliwapa mahakama uwezo wa kumzuia mume mkatili asiingie nyumbani. Mwaka 1991, mwaka ule ule wa picha ya Laura, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kuwa mume aweza kushtakiwa kwa kumnajisi mkewe. Makosa hayo yote yalikuwa na alama juu ya mwili. Kosa la Gregory Anton halikuwa nayo. Hakumpiga Paula; alimwondolea imani ya akili yake. Kosa la namna hiyo liliingizwa katika sheria ya Uingereza na Wales mwaka 2015, ambapo kumtawala na kumlazimisha mwenzi au jamaa kwa mwenendo wa kudumu kulifanywa jinai yenye kifungo kisichozidi miaka 5. Tangu tamthilia ya Hamilton hapo palipita miaka 77.

Katika muda huo jina la mchezo liligeuka kuwa neno. Mwaka 1969 madaktari wawili, Barton na Whitehead, waliandika katika jarida la udaktari la The Lancet juu ya wagonjwa waliotaka kufungiwa kwa hila za jamaa zao, nao wakaliita jambo hilo kwa jina la taa ya gesi. Neno likatoka kwa madaktari likaingia katika mazungumzo ya watu, na mwaka 2022 watunga kamusi wa Merriam-Webster wa Marekani walilichagua kuwa neno la mwaka kwa wingi wa watu waliotafuta maana yake. Kiswahili kina kitenzi kuzuga, kigusacho sehemu ya maana hiyo, maana mzugaji humpumbaza mtu ili asione lililo mbele yake. Lakini aliyezugwa haoni. Paula aliona, kisha akafundishwa kukana alichokiona. Tofauti hiyo ni ndogo katika maneno na kubwa katika maisha.

Neno likienea sana hupungua ukali. Leo hutumiwa hata kwa ugomvi wa kawaida, mtu mmoja akikumbuka tarehe hivi na mwingine vile. Faida moja ya kurudi katika picha ya 1944 ni kuipata tena mizani yake. Katika hadithi ile mambo matatu hukutana: kusudi la makini, maana mume ajua kweli naye aificha, mamlaka juu ya mazingira, maana yeye ndiye ahamishaye vitu, achaguaye wageni na kushika funguo, na faida, maana vito vimo darini. Palipo na tofauti za kumbukumbu tu, bila hayo matatu, pana ugomvi, wala hapana taa ya gesi. Na palipo na hayo matatu, kumwita mwenye kulalamika mgonjwa ni kuungana na mdhalimu.

Basi thamani ya sinema hizi si kwamba ziliwaponya wake wa dunia au kuwaadhibu waume. Zilifanya jambo dogo zaidi na la lazima zaidi: ziliwakalisha mamilioni ya watu gizani, zikawaonyesha jambo ambalo ndani ya picha lilikanushwa, zikawafundisha jinsi inavyokuwa kujua kweli isiyosadikiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sinema ilimpa mtu wa nje nafasi ya kata kwa muda wa saa mbili. Alipotoka barabarani na kumsikia jirani akisema kuwa taa za nyumbani kwake hupungua usiku, hakuwa tena na udhuru wa kusema kuwa jambo hilo haliwezekani.